Kosa Tulilolitarajia

Ofisi yetu ya kwanza ilikuwa jiko. Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, kule Kiyovu, Kigali, na mwenyewe alikuwa ametupangisha vyumba vya nyuma tu. Meza yangu ilikaa pale palipokuwa na jiko la umeme. Sinki lilibaki ukutani na bomba lake lilidondosha maji kutwa. Nilifikiri ningezoea. Sikuzoea, tulihamishwa.

Mmeniomba, ninyi mliobaki, niandike miaka yangu ya kazi ili wanaoajiriwa wapate cha kusoma wiki yao ya kwanza. Vyeo sitavigusa. Mnavijua, na kimojawapo nilikipata kwa sababu aliyestahili alikuwa ameshaondoka. Nitaandika kuhusu kazi. Mkiona maandishi haya ni machungu, mjue sikuongeza kitu.

Nilizaliwa Tanzania, upande wa Ngara, wazazi wangu wakiwa wakimbizi kutoka Rwanda. Niliporudi Kigali (tulisema "kurudi" ingawa sikuwa nimewahi kufika) nilikuwa na cheti cha kompyuta, Kiswahili kizuri, na Kinyarwanda cha kuchekesha watu sokoni. Kifaransa sikuwa nacho hata cha kuombea maji. Ofisini kila kitu kiliandikwa kwa Kifaransa. Ndiyo maana nilikabidhiwa kwa Gaspard.

Gaspard alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko: kilikuwa kinafika haraka bila kujali kimepita wapi. Alinizidi miaka kumi hivi. Shati lake lilifungwa vifungo mpaka shingoni, na alisoma programu kwenye karatasi, akiwa na rula na penseli, mstari kwa mstari, kama mwalimu anayesahihisha imla. Siku yangu ya kwanza aliniwekea mbele rundo la karatasi.

"Mama Nadine," akasema, kwa sababu nilikuwa nimemtaja binti yangu wakati wa kusalimiana, "soma hii. Usipoelewa, kosa iko yangu, si yako."

Tulikuwa tunatengeneza programu ya maabara za kliniki, inayofuata damu au kipimo kingine tangu kinapochukuliwa chumbani mpaka majibu yanapokabidhiwa mgonjwa. Gaspard alikuwa na utaratibu wake. Juu ya kila kipande cha programu aliandika maelezo, na ndani ya maelezo akaweka mifano: ukiuliza hivi, utajibiwa hivi. Kila asubuhi kabla ya chai, chombo maalumu kilipita kwenye maelezo yote, kikaujaribu kila mfano, kikalinganisha majibu herufi kwa herufi. Yakitofautiana, unapata nyekundu. Yakilingana, kijani. Kwa hiyo maelezo yetu hayakuweza kuzeeka yakaanza kudanganya, jambo ambalo maelezo ya programu hulifanya kwa wepisi kuliko mume wa mtu.

Mimi nilidhani mifano ni ya kuonyesha mambo yanavyokwenda sawa. Gaspard alipenda ile ya mambo yanayokwenda vibaya.

"Lakini programu ikianguka, jaribio limeshindwa," nilimwambia.

"Mlinzi wa mlango akizuia mwizi, ameshindwa kazi?"

"Hapana."

"Voilà. Hapa mimi nataka azuie. Asipozuia, hapo ndiyo ameshindwa."

Akanionyesha namna ya kuandika kosa unalolitarajia. Kwanza ule mstari unaotangaza kwamba programu imeanguka. Kisha, katikati, njia ambayo kosa lilipita, majina ya mafaili na namba za mistari. Hiyo unaweza kuifupisha kwa nukta tatu, kwa sababu chombo hakiisomi, na ni vizuri hakiisomi, maana inabadilika kila siku. Mwisho mstari wenyewe: aina ya kosa, nukta mbili, maneno yake. Huo ndio unaolinganishwa. Programu isipoanguka, nyekundu. Ikianguka kwa kosa jingine, nyekundu vilevile.

Niliuliza kama aina peke yake haitoshi. Kosa letu la kawaida lilikuwa kosa la thamani, yaani programu imepewa kitu isichoweza kukikubali. Kwa nini na maneno?

"Nenda sokoni, ita 'Mukamana!'" akasema. "Hesabu wanawake wangapi watageuka. Mimi nataka yule mmoja, na kile alichosema."

Mwaka ule wa kwanza nilipoteza siku mbili kwa mfano mmoja uliochapisha jibu kwanza halafu ukaanguka. Chombo kilikataa kila nilichoandika. Gaspard aliniacha nihangaike mpaka siku ya pili mchana, ndipo akaja na rula yake. "Mfano moja haiwezi kujibu na kuanguka pamoja. Chagua." Nikaugawa mara mbili, ukapita. Nilimkasirikia wiki nzima, lakini sijawahi kulisahau somo lile, na siku hizi ninyi mnanikasirikia mimi kwa sababu hiyohiyo.

Kipande alichokijali kuliko vyote kilikuwa kile cha kulinganisha namba ya kipimo na namba ya mgonjwa. Kikipewa kipimo kisicho cha mgonjwa yule, lazima kikatae kwa kosa la thamani lenye maneno "kipimo si cha mgonjwa huyu", wakati huo kwa Kifaransa. Kwenye mfano alitumia namba ya kipimo kutoka kliniki yetu ya kwanza, iliyoanza na herufi K. Faili lile lilikuwa na jina lake juu kabisa, kama mwandishi.

Kisha mambo ya lugha yakabadilika. Ofisi zikaanza kuhama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na sisi tukapata mkurugenzi mpya aliyekulia Kampala, mtu mchangamfu, mzuri wa kula naye chakula. Akaagiza ujumbe wote wa programu uwe wa Kiingereza kabla wageni fulani hawajaja kuitazama Alhamisi. Kutafsiri ujumbe kulichukua siku moja. Asubuhi iliyofuata mifano sitini na mitatu ilikuwa nyekundu. Programu ilisema Kiingereza, maelezo yalitarajia Kifaransa.

Gaspard aliomba wiki mbili. "Kila kosa isomwe tena," akasema. "Tuone inaanguka kwa sababu ile ile."

"Muzehe, wageni wanakuja Alhamisi," mkurugenzi akajibu. Akanigeukia. "Mama Nadine, hakuna njia ya mkato?"

Ilikuwepo, na mimi niliijua. Kuna mstari unaokiambia chombo kisijali maneno ya kosa, kitazame aina yake tu. Haukutungwa kwa nia mbaya. Kuna makosa ambayo maneno yake hubadilika kutoka toleo moja la lugha ya programu hadi jingine, na pale una kazi yake. Lakini unatakiwa kuuweka kwenye mfano mmoja unaouhitaji. Mimi niliuweka mahali pamoja, juu, ukatawala yote. Nyekundu sitini na tatu zikawa kijani kabla ya chakula cha mchana. Mkurugenzi akanipigia makofi mbele ya watu.

Gaspard alisubiri makofi yaishe.

"Sasa mlinzi akikohoa tu," akaniambia polepole, "wewe unaandika amekamata mwizi."

"Ni ya muda, muzehe. Wageni wakiondoka tutarudi tuyaandike vizuri."

"Mama Nadine, mimi nimeona vitu vingi vya muda. Vyote viko."

Wageni walikuja, wakafurahi, wakaondoka. Gaspard aliambiwa Kiingereza chake hakitoshi kuandika maelezo. Akapelekwa kutunza orodha ya kompyuta na nyaya, mtu aliyekuwa ameijenga programu nzima, na baada ya miezi michache akaacha kazi. Alikuwa na shamba Ndera, pembezoni mwa mji. Hatukumfanyia hata soda ya kumuaga. Mimi niliandika kwenye daftari langu: *ondoa ule mstari*. Daftari likajaa, nikaanza jingine.

Miaka ilipita, kliniki zikaongezeka. Mwenzetu mmoja, ambaye ameshaondoka na sitamtaja, aliombwa kukiharakisha kile kipande cha kulinganisha. Hakufanya uzembe kuliko sisi wengine. Alikosea, na majaribio yapo kwa sababu watu hukosea. Yake yalitoka kijani, akaendelea na kazi nyingine.

Kisha kliniki moja ikatupigia simu.

Kulikuwa na mwanamke, nitamwita Verediyana, mpishi wa shule moja Rebero. Alikuwa amekwenda pale kwa sababu ya kutokwa damu kusikoeleweka. Wakamchukua kipimo, majibu yakasema hana kitu, akarudi kwenye masufuria yake. Miezi kumi baadaye hospitali nyingine ilimkuta na saratani ya mlango wa kizazi, imeshasambaa. Kliniki walipofungua kumbukumbu, waliona kwamba asubuhi ile wanawake wawili wenye majina yote mawili sawa walipimwa, na kipimo cha mmoja kiliingia kwa mwenzake. Yule mwingine ndiye aliyeambiwa anaumwa. Aliishi na habari hiyo wiki tatu, kisha vipimo vya pili vikamkuta mzima. Watu wakamshukuru Mungu pamoja naye. Hakuna aliyeuliza, basi, ugonjwa ule ulikuwa wa nani.

Sababu niliipata kwa saa moja. Mwenzetu alikuwa anaigeuza namba ya kipimo kuwa tarakimu kabla ya kitu kingine chochote, ili kupanga orodha upesi. Katika kuhamisha mistari, ule wa kulinganisha ulibaki mahali ambapo programu haifiki tena. Mlinzi hakuwepo mlangoni. Lakini mfano wa Gaspard ulikuwa bado na namba ya zamani yenye herufi K, na K haigeuki kuwa tarakimu. Programu ikaanguka hapo, kwa kosa la thamani. Chombo kilitarajia kosa la thamani. Kijani. Kama kingeruhusiwa kusoma maneno, kingeona "herufi hii si tarakimu" mahali pa "kipimo si cha mgonjwa huyu", na tungeletewa nyekundu kabla ya chai. Kliniki wakati huo zilikuwa zikitumia tarakimu tupu, kwa hiyo huko nje hakuna kilichoanguka wala kilicholinganishwa.

Ilikuwa ni mlinzi kukohoa, sawasawa kama nilivyoambiwa.

Kliniki waliomba mtu wa kumweleza mgonjwa. Mkurugenzi alinituma mimi kwa kuwa Verediyana alikulia Burundi na alipendelea kuongea Kiswahili. Nilimkuta katika chumba cha daktari, amevaa kitenge kilichopigwa pasi, mikono yake mikubwa imelala juu ya bahasha. Niliandaa maneno mengi njiani. Hakunipa nafasi ya kuyasema.

"Dada, mimi sikusoma sana," akasema. "Niambie tu. Ni mashine ama ni mtu?"

Daktari akatazama dirisha.

"Ni mashine, mama," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea bei asiyoweza kubishana nayo.

"Basi sina wa kumkasirikia."

"Ihangane," nikamwambia. Nilisema kwa Kinyarwanda, jikaze, vumilia, kwa sababu kwa Kiswahili ningelazimika kusema pole, na pole ni neno langu tangu utotoni, nisingeweza kulisema bila kulisikia.

Hakuumaliza muhula uliofuata. Niliambiwa kwa simu na karani wa kliniki, katikati ya maongezi kuhusu printa yao iliyokuwa inakula karatasi. Alisema, "Na yule mama mpishi alifariki," halafu akarudi kwenye printa. Nami nikamweleza namna ya kuitengeneza.

Kliniki walidai maelezo kwa maandishi. Tukakaa kikao. Mkurugenzi aliliweka faili ukutani kwa projekta, na mstari wa kwanza kabisa ulisema mwandishi ni Gaspard.

"Kumbe ni huyu mzee," akasema. Nadhani hakuwa na ubaya. Alikuwa na faraja ya mtu aliyepata jibu fupi.

"Alikuwa makini sana," nikasema.

"Makini, sawa. Lakini jina ni lake, na mfano ni wake."

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: *ule mstari wa juu niliuweka mimi.* Watu sita walikuwa mezani. Niliangalia kalamu yangu. Mtu mmoja akauliza kama chai imeletwa.

Barua ilisema hitilafu ilitokana na usanifu wa mfanyakazi wa zamani ambaye hayupo tena nasi. Nililetewa niipitie kabla haijaondoka. Nilisahihisha neno moja lililokosewa tahajia, nikairudisha.

Siku iliyofuata niliuondoa ule mstari. Mifano mingi ilikuwa imeshaandikwa upya kwa Kiingereza kadiri tulivyoigusa; iliyoanguka ilikuwa kumi na saba. Kumi na mitano ilikuwa ni tofauti ya maneno tu. Miwili ilikuwa milango mingine isiyo na mlinzi, na hiyo tuliifunga kabla haijamfikia mtu, au kabla hatujajua kwamba imemfikia. Nilifanya kazi ile vizuri mno. Nikaanza kuitwa mtaalamu wa majaribio, nikapewa kazi ya kuwafundisha wapya, na wengi wenu mmepita mikononi mwangu.

Kwa hiyo lile mlilolibandika ukutani, "Kosa unalolitarajia, litaje kwa maneno yake", na chini mkaandika jina langu, libandueni. Au liacheni, mbadilishe jina. Ni la Gaspard. La kwangu ni hili tu, ambalo nimelilipia, au tuseme wengine wamelilipia: maneno ya kosa yakiwa na sehemu inayobadilika, kama namba au tarehe, weka nukta tatu kwenye sehemu hiyo peke yake na uache mengine yasomwe. Ukilazimika kabisa kupuuza maneno yote, puuza kwenye mfano mmoja, na pembeni yake andika kwa nini na nani ameamua. Andika jina lako. Na mfano wa kosa ukipita kijani bila jasho, umharibu mlinzi kwa makusudi uone kama utageuka mwekundu. Usipogeuka, haukuwa unapima kitu.

Nilistaafu mwezi uliopita. Mlinifanyia keki, mkanisifu kwa uaminifu. Sikujua niweke wapi macho. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Ndera.

Huko nako nyumba mpya zimepanda kilimani, lakini shamba lake bado lipo. Nilimkuta Gaspard kwenye maharage, amezeeka, shati limefungwa mpaka shingoni. Alinitambua mara moja. Mkewe, Konsolata, akaleta viti viwili, akabaki amesimama mlangoni. Nilimweleza Gaspard yote: kipande, herufi K, mpishi, kikao, barua.

"Ile barua, uliisoma mbele haijaenda?" akauliza.

"Niliisoma. Nilisahihisha tahajia."

"Mimi niliomba kazi mara mbili baada ya hapo. Waliniambia kwa heshima, kuna ile barua. Mji huu ni mdogo, watu wa kompyuta wote wanajuana." Akapangusa udongo kwenye goti. "Umestaafu lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita." Alilirudia kama anavyorudia mtu mstari asioamini kwamba uko kwenye ukurasa. "Kwa hiyo umengoja mpaka hakuna wa kukufukuza."

Nilimuuliza anataka nifanye nini.

"Mimi? Mimi nilikuwa najua si mimi. Wewe ulikuwa unajua. Wasiojua ni wale walisoma barua."

Basi, wapo miongoni mwenu, na mkurugenzi bado ana nakala. Nimeandika, na nimeweka jina langu juu kabisa ya faili hili. Kwa Verediyana hakuna barua ya kumfikia. Nilimnyima hata mtu wa kumkasirikia.

Gaspard alirudi kwenye maharage yake kabla sijainuka. Konsolata ndiye aliyenisindikiza, kama mgeni anavyosindikizwa, mpaka barabarani. Pikipiki ikaja, nikapanda, naye akaweka mkono begani kwangu kidogo, wala si kwa hasira.

"Miaka miwili ya kwanza baada ya ile barua," akasema, "gari ikisimama hapa chini, alikuwa anaacha jembe anakwenda kunawa mikono. Anasema, labda ni Mama Nadine. Halafu siku moja gari ilisimama, hakunawa."